Feni Ikivuma Baada ya Kuzima Gari: Kuishi na Dizeli ya Kisasa

Siku ya tatu tangu ninunue gari langu la dizeli, nililiegesha, nikazima, nikatoka nje, na feni ikaendelea kuvuma. Ilivuma kama dakika tano hivi. Chini ya gari kulikuwa na joto la kuogopesha, na harufu kama ya chuma kilichosahauliwa motoni. Nililizunguka mara mbili nikitafuta moshi, sikuona hata chembe. Nikajiambia, gari geni, nitalizoea. Kumbe lilikuwa linafanya usafi wake, nami nimelikatiza katikati. Nililikatiza hivyohivyo kwa miezi mitatu bila kujua, hadi siku taa ya njano ilipowaka kwenye dashibodi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeendesha pikapu kuukuu ya dizeli kwa miaka 11. Ile ilikuwa inaniamkia kila asubuhi kwa wingu jeusi, inakunywa dizeli yoyote, na ikigoma unaigonga mahali fulani inaendelea. Kwa hiyo nilidhani dizeli naijua. Dizeli ya zamani na ya sasa ni ndugu wa baba mmoja, lakini malezi yao ni mbalimbali, na mwenye uzoefu wa ile ya zamani ndiye anayeharibu hii mpya haraka zaidi. Mimi ni shahidi.

Tofauti kubwa ni hii: gari la zamani lilimwaga masizi yake barabarani, la sasa linayaweka ndani. Kwenye ekzosi kuna kichujio cha masizi, ambacho mafundi wote wanakiita DPF. Ni kama tofali la kauri lililojaa vijia vyembamba vilivyopangwa mithili ya sega la nyuki. Kijia kimoja kimezibwa nyuma, jirani yake kimezibwa mbele, basi moshi ukiingia hauna njia ila kupenya ukutani. Hewa inapita, masizi yanabaki. Peugeot waliliuza gari lao la 607 likiwa na kichujio cha namna hii tangu mwaka 2000, na kanuni za Ulaya za Euro 5, zilizoanza mwaka 2009, zilibana masizi kiasi kwamba gari jipya la dizeli bila kichujio likawa halipiti.

Sasa, chochote kinachonasa uchafu lazima kijae. Ndiyo maana kila baada ya kilomita mia kadhaa, langu ni kati ya 350 na 500, kompyuta ya injini huongeza dizeli kidogo ikiwa imechelewa, wakati mlipuko mkuu umeshapita. Dizeli hiyo haiongezi nguvu. Inakwenda kuungulia kwenye ekzosi, joto linapanda hadi nyuzi 600 hivi, na masizi yanateketea. Kazi yote huchukua dakika 10 hadi 20. Mimi naiita mchomo. Mchomo ukianza, uache umalize. Karibu kila ninalokushauri hapa chini linatoka kwenye neno hilo moja.

Kuutambua mchomo

Magari mengi hayakuambii. Hakuna taa, hakuna mlio, linachoma kimyakimya huku wewe unasikiliza redio. Lakini ukiwa na gari kwa mwezi mmoja utaanza kulisoma. Ukisimama kwenye taa za barabarani, injini inayozunguka mara 800 kwa dakika inakaa kwenye 1,000. Ule mfumo wa kujizima wenyewe ukisimama unagoma kufanya kazi. Kipimo cha matumizi ya mafuta, kile cha papo kwa papo, kinapanda bila mlima wala mzigo. Sauti ya ekzosi inakuwa nzito kidogo, kama mtu mwenye mafua. Ukizima, feni inavuma.

Ukiona mawili kati ya hayo, usizime ukiwa na nafasi. Mimi hupita nyumbani nikaendelea na barabara kubwa dakika kumi zaidi, gia moja chini ya ile ninayotumia kawaida, injini ikizunguka kama mara 2,000, mwendo wa kilomita 60 au 80 kwa saa. Hakuna haja ya kukimbia. Kinachotakiwa ni mwendo usiokatika na joto lisiloshuka. Watu wanaosema ulichape gari hadi mwisho wa pedeli wanafurahisha nafsi zao tu.

Na kama huna nafasi? Zima, nenda zako. Mara moja si dhambi, gari litajaribu tena safari ijayo. Dhambi ni mazoea. Ila ukizima katikati ya mchomo, angalia unaegesha wapi. Nyasi kavu chini ya ekzosi ya nyuzi 600 zinaweza kushika moto. Hilo nalisema kwa uzito wote.

Kijiti cha oili hakidanganyi

Wengi tumefundishwa kuogopa oili ikishuka. Kwenye gari hili uogope pia ikipanda.

Nilipofungua boneti siku ile ya taa ya njano, nilichomoa kijiti, nikakifuta, nikakirudisha, nikakitoa tena. Oili ilikuwa imevuka alama ya juu kwa karibu sentimita mbili. Nilidhani gereji walizidisha. Nikanusa: dizeli tupu. Nikaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, ikateleza kama maji ya sabuni.

Sababu ni ileile dizeli ya ziada ya mchomo. Sehemu yake hugusa kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye oili. Mchomo ukikamilika, inayoteremka ni kidogo. Ukikatizwa kila siku na kuanzishwa upya kila siku, inajikusanya, na tofauti na petroli, dizeli haifukizwi kirahisi na joto la injini. Oili inakuwa nyepesi, vyuma vinakosa ulinzi, na ikipanda mno injini yenye tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, inaweza kuivuta na kuanza kuiunguza kama mafuta, ikajipiga resi yenyewe hata ukitoa funguo. Kwa hiyo pima kila wiki mbili, gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa imepumzika dakika kumi. Ikivuka alama ya juu, usiliendeshe ukisubiri sevisi. Mwaga oili, weka mpya.

Kuhusu aina ya oili, hapa ubahili unakula kwa mwenyewe. Fikiria jiko la makaa. Makaa yanaungua yakaisha, lakini majivu yanabaki. Masizi ni makaa, mchomo unayamaliza. Majivu yanatokana na viungo vilivyomo kwenye oili, na hakuna joto linaloyaondoa. Yanakaa ndani ya kichujio hadi mtu akitoe akisafishe, au ununue kingine. Ndiyo maana kitabu cha gari kinataka oili ya majivu machache. Kwenye kopo tafuta alama ya ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya, yenye herufi C, mfano C2 au C3, na namba kamili iliyotajwa na mtengenezaji. Oili nzuri sana ya lori inaweza kuwa sumu kwa kichujio chako. Kitabu changu kinaruhusu kilomita 30,000 kati ya sevisi. Mimi sifiki. Kwa safari zangu namwaga kila kilomita 10,000.

Nyuma yako kuna watu

Taa ya njano, ile ya kichujio, ilizimika baada ya kuendesha nusu saa barabara kuu. Nikashangilia. Wiki mbili baadaye ikarudi. Nikaendesha tena, ikazima, ikarudi. Nikaenda kwa fundi. Aliinama sekunde thelathini, akainuka akijifuta mikono.

“Dada, hiki kitu hakina kazi. Tunakitoboa ndani, tunaidanganya kompyuta, gari linapumua.”

“Na moshi?”

“Moshi unabaki nyuma yako.”

Nyuma yangu kuna watu, mwanangu akiwa mmoja wao akishuka shuleni. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Katika nchi nyingi kukitoboa kichujio ni kosa la kisheria pia. Lakini hata ukiweka hayo yote pembeni, ushauri wake ulikuwa wa kitoto kiufundi, kwa sababu kichujio kinachojaa haraka ni dalili, na yeye alitaka kukata ulimi usiseme.

Fundi wa pili alichomeka mashine yake, akawasha, akaniambia tuzunguke. Baada ya dakika ishirini akanionyesha kioo.

“Unaona dada? Nyuzi 68. Hii injini haijawahi kupata joto lake. Chini ya hapo kompyuta inakataa kuchoma, au inaanza halafu inaacha.”

Thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, ilikuwa imekwama wazi. Maji yalikuwa yanapita kwenye rejeta muda wote, hata injini ikiwa baridi. Na mimi nilikuwa nimeiona sindano ya kipimo cha joto ikikaa chini kidogo ya katikati tangu siku ya kwanza! Lakini pikapu yangu ilikuwa inachemka kila mlima, basi nikaona afadhali gari baridi. Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani. Kilipobadilishwa, sindano ikapanda hadi 90 ikatulia, na taa ile sijaiona tena.

Kwa hiyo taa ya kichujio ikirudirudi, kabla ya kukisingizia kichujio uliza: injini inafika joto lake? Sensa ya kupima tofauti ya presha mbele na nyuma ya kichujio ni nzima, na vijibomba vyake vya mpira havijapasuka? Nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda, hazivuji? Mpira wa hewa ya tabo haujachanika? Taa ya injini imewaka kwa jambo jingine? Magari mengi hayachomi kama kuna kosa jingine kwenye kompyuta, wala kama mafuta yamepungua hadi taa yake ikawaka. Mimi siruhusu tangi lishuke chini ya robo.

Nilijinunulia pia kisomeo kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kutuma taarifa kwenye simu. Kwangu ndicho kifaa chenye thamani kuliko vyote. Naona gramu za masizi zilizomo, kilomita tangu mchomo wa mwisho, na joto halisi la injini. Langu huanza kuchoma likifika gramu 24 hivi, likimaliza linasoma 5 au 6. Nikiona 22 na nina safari ya kwenda dukani tu, natembea kwa miguu.

Dawa za kumimina kwenye tangi eti zinasafisha kichujio? Nimejaribu mbili. Sikuona tofauti kwenye gramu.

Tangi la kifuniko cha bluu

Shemeji yangu aliona kopo la AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi, kwenye buti akaniuliza, “Shemeji, hii unaichanganya na dizeli kwa kipimo gani?” Nilimshika mkono kabisa.

Haichanganywi. Kamwe. Ina tangi lake, mara nyingi pembeni ya mdomo wa dizeli, kifuniko cha bluu. Ni urea asilimia 32.5, iliyobaki ni maji yaliyoondolewa madini. Hunyunyizwa kwenye ekzosi, joto linaigeuza kuwa amonia, na amonia ikikutana na oksidi za nitrojeni, gesi chafu za moshi, ndani ya kichocheo, kifaa cha kwenye ekzosi kinachoharakisha kazi hiyo, vinageuka nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Hizo oksidi ndizo zilizoleta kashfa ya Volkswagen mwezi Septemba 2015, magari yaliyokuwa safi kwenye kipimo na machafu barabarani. Euro 6 inataka zisizidi miligramu 80 kwa kilomita, wakati Euro 5 ilikubali 180. Ndiyo maana dizeli nyingi za Euro 5 hazina tangi hili. Fungua kifuniko chako uangalie kabla ya kununua kopo.

Ukiweka AdBlue kwenye tangi la dizeli, au dizeli kwenye tangi la AdBlue, usiwashe. Hata switchi usiigeuze, maana pampu ya tangini huamka hapo. Vuta gari hadi kwa fundi. Ukiwa hujawasha, unalipia kumwaga na kusafisha tangi. Ukiwasha, unalipia mfumo mzima.

Gari langu linatumia kama lita moja na nusu kwa kila kilomita 1,000. Taarifa ya kwanza huja mapema, zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 2,000, na huo ndio wakati wa kujaza, si wa kuhesabu. Ikiisha kabisa injini haikuzimikii barabarani, lakini ukizima mwenyewe haitawaka tena. Weka lita tano au zaidi kwa mara moja, maana magari mengine hayatambui kiasi kidogo na taarifa inabaki palepale. Usitumie faneli iliyopita dizeli au oili. Na usijitengenezee kwa mbolea ya urea ya shambani, ina uchafu utakaoua kichocheo. Kopo likae kivulini, joto linaiharibu. Baridi inaigandisha ikifika nyuzi 11 chini ya sifuri, lakini ikiyeyuka iko sawa.

Ikimwagika, futa kwa maji mengi papo hapo. Mimi niliacha tone kwenye zulia la buti. Kesho yake lilikuwa limeota chumvi nyeupe yenye sindano ndogondogo, nzuri kutazama kwa kweli, na nilisugua mara nne kabla haijaacha kuota upya.

Mengine kwa haraka

Dizeli yenyewe: presha ya mafuta kwenye reli, bomba linalozigawia nozeli dizeli, inaweza kupita baa 2,000, wakati tairi lako lina mbili na kitu. Mafuta hayo yanapita kwenye vitundu vya nozeli vyenye upana wa karibu unywele. Maji au vumbi kidogo yanatosha kukwangua. Nunua mafuta kwenye kituo chenye wateja wengi, yenye salfa kidogo kama kitabu kinavyotaka, badilisha filta kwa wakati, na kama filta yako ina koki ya kutoa maji, ifungue. Petroli ikiingia kwa bahati mbaya, tena usiwashe: pampu ya presha inalainishwa na dizeli yenyewe, petroli inaikausha. Na usilegeze bomba la reli injini ikiwaka, mchirizi wake unatoboa ngozi.

Tabo: usipige resi injini ikiwa baridi, na ukitoka kwenye mlima mrefu acha iungurume dakika moja kabla ya kuzima. Lakini asubuhi usiliache linaunguruma robo saa ukidhani unalipasha moto. Dizeli ikiwa imesimama haipati joto la maana, inatengeneza masizi tu. Washa, hesabu hadi kumi, ondoka polepole.

Vali ya EGR, inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini, hujaa lami ya masizi na oili kwa watu wa safari fupi. Gari likianza kusitasita kwenye mwendo mdogo, anzia hapo.

Na kama safari zako zote ni za kilomita tatu, nne, kwenda na kurudi, usinunue dizeli. Chukua petroli, chukua la umeme. Mimi nililiokoa langu kwa sababu kila Jumamosi nina safari ya kilomita 90. Bila hiyo ningeshaliuza.

Ukinunua lililotumika, nenda na kitambaa cheupe. Gari likiwa baridi, ingiza kidole kilichofungwa kitambaa kwenye mdomo wa ekzosi, zungusha. Kichujio kikiwa kizima kitambaa kinatoka na vumbi la kijivu tu, hata kama gari limetembea kilomita 150,000. Mwezi uliopita nilimsindikiza mdogo wangu kuangalia moja, rangi inang'aa, viti kama vipya, muuzaji anaapa kila kitu ni cha kiwandani. Kitambaa kilitoka cheusi kama sufuria ya kuni. Nilimwonyesha muuzaji, akakitazama, akatazama viatu vyake. Mdogo wangu akamrudishia funguo.